Shajara ya W124: Benzi 300 E ya 1989 uani kwetu Tabata

Januari

Gari ni Mercedes-Benz 300 E ya 1989, bodi ya W124 (jina la kiwandani la toleo hili), usukani kulia. Injini ni ya petroli, silinda 6 za mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,962, valvu 12. Giaboksi ni otomatiki ya gia 4. Limepita mikono mingi tangu enzi za Wabenzi, na kila mmiliki kaliachia alama: huyu redio ya mtumba, yule stika ya klabu ya mpira kwenye kioo cha nyuma, mwingine waya mwekundu unaotoka kwenye betri na kupotelea chini ya dashibodi.

Niandike magonjwa yake kama yalivyo leo. Barabarani mshale wa joto haufiki 80, ila kwenye foleni unapita 100 na kuendelea kupanda. Taa ya ABS, mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge ukishika breki, haizimi. Sailensi, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, inapanda na kushuka, na asubuhi injini inamisi, inakatakata, mpaka ipate moto. Gia zinaingia kwa kishindo. Ukifunga mlango wa dereva, mingine inabaki wazi. Kuna harufu ya petroli upande wa nyuma. Kapeti ya abiria ina unyevu. Usukani unazurura, unaweza kuuzungusha kidogo na matairi yasijue. Na mafuta linakunywa.

Ushauri wa kwanza niliopewa mtaani ni kung'oa injini na kuweka ya Toyota. Wa pili ni kununua distributa ya mafuta, kifaa kinachogawa petroli kwa silinda, ya mtumba pamoja na kompyuta yake. Wote wawili walishauri wakiwa wamesimama, boneti haijafunguliwa. Sina ugomvi na Toyota, lakini injini hii haitoi sauti ya chuma kwa chuma, na presha ya oili ukishaanza kwenda inalala kwenye 3, mwisho wa geji, inavyotakiwa. Injini yenye presha hiyo haitupwi kwa sababu ya kumisi.

W124 ilitoka mwishoni mwa 1984, chini ya usimamizi wa Bruno Sacco kwenye usanifu, na zikatengenezwa zaidi ya milioni 2.5 za aina zote. Kwa mtu wa uani takwimu hiyo ina maana moja: spea zipo. Nyingine zinaingiliana na 190 E, Benzi ndogo ya wakati huo, nyingine na S-Class ya wakati ule. Na lilitengenezwa lifunguliwe. Boneti ina nafasi ya pili, inasimama wima kabisa, unazunguka injini yote bila kugonga kichwa.

Utaratibu: hakinunuliwi kitu kabla hakijapimwa. Vifaa ni mita ya umeme, geji ya presha, jeki na stendi nne za chuma, soketi za 8 mpaka 19, funguo za Allen, na spana ya kupimia mkazo. Stendi si anasa. Gari hili lina uzito wa tani moja na nusu hivi, jeki peke yake silali chini yake.

Januari, mwishoni: maji na joto

Nimeanza na joto kwa sababu ndilo linaloua. Silinda hedi ni ya aluminiamu, ikipata moto kupita kiasi inapinda, na hapo gasketi inafuata.

Dalili zenyewe zilikuwa zinajieleza. Gari linalopoa mno barabarani na kuchemka kwenye foleni lina matatizo mawili tofauti. Nilifungua nyumba ya thamostati, valvu inayoongoza maji kufuata joto: tupu. Nikamuuliza fundi aliyewahi kulitunza. Akacheka. "Bosi, ile ni ya Ulaya kwenye baridi. Huku tunaitoa, maji yazunguke."

Hii imani imeenea kuliko mbu, na kwa injini hii ni hatari. Thamostati yake ina sahani mbili. Injini ikiwa baridi, sahani ya kwanza inaziba njia ya kwenda kwenye rejeta, na maji yanazunguka ndani kwa njia ya mkato. Ikifika nyuzi 87 inaanza kufunguka, na inavyofunguka, sahani ya pili inaiziba ile njia ya mkato ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Barabarani upepo unafunika kosa hilo. Kwenye foleni ya Ubungo hakuna wa kulifunika.

Kuna hasara ya pili ambayo watu hawaihesabu. Mfumo wa mafuta unasikiliza sensa ya joto la maji. Injini isiyofika joto lake inaonekana kwa kompyuta kama injini ya alfajiri, kwa hiyo inaongezewa petroli safari nzima. Sehemu ya ule ulevi wa mafuta ilianzia hapa.

Maji yenyewe yalitoka na rangi ya chai ya rangi. Ya bomba, bila kulanti. Watu husema kulanti ni ya kuzuia barafu, na Dar hakuna barafu. Kweli hakuna, ila kulanti inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka, na aluminiamu haijui iko mji gani. Nimefungua kizibo chini ya rejeta na bolti ya kutolea maji ubavuni mwa bloku, maana ukifungua rejeta peke yake nusu ya uchafu inabaki. Nikasafisha kwa asidi ya sitriki, ile ya unga, nikaendesha kwa muda mfupi hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, nikasuuza mpaka yakatoka meupe. Hita ni muhimu. Hapa kwetu hakuna anayeifungua, kwa hiyo maji ya ndani yake huwa ni ya miaka.

Thamostati mpya ya nyuzi 87, kitundu cha kupitishia hewa kikiwa juu. Kulanti nusu, maji yaliyochujwa nusu. Kifuniko cha tangi la akiba kimebadilishwa pia, kwa sababu kifuniko kisichoshika presha kinashusha kiwango cha kuchemka cha mfumo mzima.

Upande wa foleni, shida ilikuwa feni. Feni ya injini inaendeshwa kwa klachi yenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, ukiizungusha kwa mkono inatakiwa ikatae. Yangu iliendelea kuzunguka kama pangaboi. Klachi mpya. Zile feni mbili za umeme mbele ya kondensa ya AC nazo hazikuwa zikifanya kazi kwa spidi ndogo ukiwasha AC, na hapo mkosaji alikuwa rizista ya kauri, kipande kinachopunguza umeme, iliyokatika karibu na taa. Rizista, si feni. Mtu mwingine angenunua feni mbili.

Sasa mshale unakaa juu kidogo ya 80 barabarani. Foleni unakaribia 100, feni zinaushusha.

Februari: taa ya ABS na sailensi

Taa ya ABS na sailensi mbovu zinaonekana hazina undugu. Kwenye W124 zina mzazi mmoja: relei (swichi ya umeme) ya kuzuia umeme uliozidi, ambayo wenye magari haya duniani kote huiita OVP. Ni kikopo cha bati kilichosimama nyuma ya betri, chini ya kifuniko cha plastiki, kichwani kina fyuzi ya ampea 10. Kinapitisha umeme kwenda kwenye ABS, kwenye kompyuta ya mafuta na kwenye valvu ya sailensi. Kikilegea, vyote vinalegea pamoja.

Mara nyingi fyuzi inakuwa nzima, na hapo ndipo watu wanapoachana nacho. Nilipima. Upande wa kuingia mita inasoma volti za betri. Upande wa kutoka zinakuja na kupotea kila nikikigonga kwa mpini wa bisibisi. Nimefungua bati: mishono ya risasi kwenye bodi yake ina nyufa za duara, ndogo, unaziona ukiinamisha kwenye mwanga. Nikaziyeyusha upya moja moja. Taa ya ABS imezima injini ilipowaka, na haijarudi.

Hata hivyo nimenunua mpya na ile niliyoitengeneza imekuwa ya akiba, inakaa kwenye droo ya gari. Kama una W124 na huna OVP ya akiba, safari ya mkoani unaifanya kwa imani.

Nikiwa hapo nimeufuata ule waya mwekundu. Ulikuwa unaipa redio umeme moja kwa moja kutoka betri, bila fyuzi yoyote njiani. Umeondolewa.

Sailensi imepungua kupanda na kushuka. Kumisi kwa asubuhi bado.

Februari, mwishoni: moshi wa ubani

Hii ndiyo sehemu niliyoifurahia kuliko zote.

Mfumo wa mafuta wa gari hili ni KE-Jetronic wa Bosch. Nozeli zake hazifungui na kufunga kwa umeme kama za magari ya sasa, zinamwaga petroli mfululizo muda wote injini inapozunguka. Kiasi kinaamuliwa na sahani ya chuma iliyo kwenye njia ya hewa: injini inavyovuta hewa, sahani inasogea, inasukuma pini kwenye distributa, na pini inaachia mafuta. Kompyuta inarekebisha kidogo tu juu yake. Kwa hiyo hewa yoyote inayoingia baada ya sahani ni hewa ambayo haikuhesabiwa. Petroli yake haipo. Injini inamisi, hasa ikiwa baridi.

Mafundi wengi wakiona hivyo wanakimbilia skrubu ya mchanganyiko na kuongeza petroli. Injini inatulia, mteja anafurahi, tangi linakauka. Kizibo cha skrubu yangu kilishatobolewa zamani, kwa hiyo najua lilifanyika.

Kutafuta tundu wengine hupulizia petroli au dawa ya kabureta juu ya injini inayounguruma na kusikiliza. Mimi sipulizii kitu kinacholipuka karibu na waya za plagi. Nilitumia moshi. Kopo la maziwa la bati, makaa mawili, ubani, kifuniko kilichotobolewa sehemu mbili: tundu moja la pampu ya baiskeli, la pili la mpira mrefu unaokwenda kwenye bomba la vakyumu, yaani mvuto wa hewa, la injini. Injini baridi na imezimwa, kopo mbali na gari, upande upepo unakotoka, kizimia moto jirani. Mdomo wa hewa nikauziba kwa mfuko na raba. Majirani walidhani nafukiza gari kwa mganga.

Moshi ulitoka sehemu tatu. Kwenye mpira wa valvu ya sailensi, kidogo. Kwenye mizizi ya nozeli mbili, kidogo zaidi. Na chini, mahali usipoweza kupaona, ulipanda wingu zima: ule mpira mkubwa mweusi unaounganisha nyumba ya sahani ya hewa na manifoldi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda. Umejificha chini ya distributa, na miaka ya joto la injini ilikuwa imeupasua.

Kuufikia lazima distributa yote iinuliwe. Mfumo huu unabaki na presha hata injini ikilala, kwa hiyo kwanza nimefungua bomba moja polepole likiwa limefungwa kitambaa, betri ikiwa imetolewa. Kila bomba limewekewa alama. Kila washa (pete bapa) ya shaba imebadilishwa, maana ya zamani ikirudi inavuja. Pete za mpira za nozeli zote sita na vishikio vyake vya plastiki vimebadilishwa hapo hapo. Zilizotoka zilikuwa ngumu, zinavunjika kwa kidole.

Asubuhi ya pili yake injini imewaka na kutulia kwenye mizunguko 700 hivi. Haimisi. Baada ya hapo tu ndipo skrubu ya mchanganyiko ikaguswa, kwenye gereji yenye mashine ya kupima moshi wa ekzosti, nikiwa nimesimama hapo hapo.

Harufu ya petroli ilikuwa jambo dogo: mpira mfupi kati ya tangi na pampu, chini ya gari mbele ya ekseli ya nyuma. Mpya wa petroli ya injeksheni, na klempu mpya.

Machi: gia, na milango

Kishindo cha gia kimeondoka bila giaboksi kufunguliwa. Giaboksi hii inajua mzigo wa injini kupitia vakyumu, kuna kibomba chembamba cha plastiki kinachotoka kwenye manifoldi mpaka kwenye kopo la modyuleta ubavuni. Kiungio cha mpira mwisho wa kibomba kilikuwa kimechanika. Vakyumu ikipotea, giaboksi inadhani umekanyaga mafuta hadi sakafuni na inabadili gia kwa nguvu zote. Kiungio kipya hakifiki bei ya sahani ya chipsi kuku.

Oili ya gia imebadilishwa pamoja na filta, na ile iliyobaki kwenye tokonveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, imetolewa kwa kizibo chake chenyewe, ambacho unakifikia kwa kuzungusha injini kwa mkono mpaka kitokeze kwenye dirisha la chini. Imeingia lita 6 na kidogo. Kipimo kinasomwa giaboksi ikiwa ya moto, injini inaunguruma, gia kwenye P. Ukisoma ikiwa baridi utajaza kupita kiasi. Linaondoka na gia ya pili ukikanyaga polepole. Walionunua karibuni huwa wanadhani gia ya kwanza imekufa, kumbe limeumbwa hivyo.

Milango nayo ni vakyumu. Pampu iko chini ya kiti cha nyuma, na ilikuwa inalia muda mrefu kila nikifunga, maana yake inapoteza hewa mahali. Nimeziba tawi moja baada ya jingine mpaka ikanyamaza. Mlango wa nyuma kushoto, diafragamu (utando wa mpira unaovuta kufuli) imepasuka. Imewekwa ya mtumba kutoka 190 E iliyokuwa inakatwa.

Aprili: masika

Mvua imefanya ukaguzi kuliko mimi. Kapeti ya abiria imelowa chapachapa.

Maji yalikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni chemba iliyo chini ya kioo cha mbele, ambako hewa ya ndani inaingilia. Ina matundu ya kutolea maji, na yangu yalikuwa yamezibwa na majani ya mwarobaini yaliyooza kuwa udongo. Yamezibuliwa kwa mkono na waya laini. Ya pili ni mirija ya sanrufu, inayoshuka ndani ya nguzo za paa. Hii haizibuliwi kwa upepo wa kompresa, mrija unaweza kuchomoka ndani ya nguzo na hapo utang'oa dari. Nimetumia kebo ya zamani ya spidomita, taratibu.

Kapeti zimetolewa zote. Sponji ya chini yake inashika maji wiki nzima huku juu pamekauka, na bati linaoza kimyakimya. Nimekuta kutu ya juu juu kwenye sakafu: msasa, dawa ya kutu, praima, rangi. Kwenye matundu ya jeki hali ni mbaya zaidi. Nilipotoa yale mabamba makubwa ya plastiki ya pembeni, tundu la nyuma kulia limekula bati mpaka kidole kinapita. Hapo haijazwi puti. Mchomeleaji amekata mpaka kwenye bati zima, akaunga kipande kipya, na ndani nimepulizia nta. Puti kwenye tundu la jeki ni kumdanganya atakayeinua gari.

Waipa ni moja tu, na inafanya kazi ya mbili: mkono wake unarefuka na kufupika unapozunguka ili ufikie pembe za juu, unafuta asilimia 86 ya kioo. Ulikuwa unakwamakwama. Gia yake imesafishwa na kupakwa grisi mpya.

Mei: miguu ya mbele

Bushi za lowa ami, mikono ya chini inayoshika magurudumu, zimekwisha, boljointi zina mchezo, bushi za mkono wa kati wa usukani zimekuwa unga. Zile za usukani nimefanya mwenyewe uani na uzururaji umepungua zaidi ya nusu kwa seti ndogo ya bushi na bolti.

Lowa ami nimezipeleka gereji. Kwenye W124 springi ya mbele haiko kwenye shokapu, imekaa peke yake kati ya ami na bodi, imebanwa kwa nguvu inayotosha kuua. Kifaa chake kinaingia ndani ya springi na sahani mbili. Vile vya kulabu za nje vinavyokodishwa mtaani havifai hapa, vinateleza. Nilizunguka mpaka nikapata fundi mwenye kifaa sahihi, na kabla sijamwachia funguo nilimwomba anionyeshe.

Spea nimenunua Kariakoo, upande wa Gerezani. Muuzaji mmoja alinipa bushi zenye nembo ya nyota iliyopigwa vibaya. "Hii ni orijino ya Ujerumani, kaka, angalia mwenyewe." Nikaangalia. Namba za spea za Mercedes zinaanza na tarakimu tatu za gari au injini ambayo spea ilitengenezewa kwanza, kwa hiyo 124 ni bodi hii, 103 ni injini hii, 201 ni 190 E. Hii boksi lilisema 124, mpira wenyewe ulikuwa na namba nyingine kabisa. Tukaelewana bila kugombana, akaleta za kampuni nyingine inayoeleweka, zisizo na nyota yoyote, na bei ikashuka.

Kauchuki za injini, zile zinazoibeba, nimebadilisha wakati huo huo. Zina mafuta ndani, zikivuja zinalala na sailensi inatetemesha kiti. Kopi za mpira mtupu zipo kwa bei ya chini sana. Nilizishika tu nikarudisha.

Juni

Dar mpaka Morogoro na kurudi, watu wanne na mizigo, AC imewashwa. Mshale wa joto haukupita 100 hata kwenye foleni ya malori Mlandizi. Matumizi ya mafuta nimeyapima kwa kujaza tangi kabla na baada: yameshuka karibu theluthi moja ukilinganisha na Januari, na sijanunua distributa wala kompyuta.

Njiani limeonyesha jambo jipya. Kwenye spidi ya 90 hivi kuna mtetemo unaopita sakafuni, na unapoachia mafuta unapungua. Nimelala chini yake leo: raba ya duara inayounganisha propela shafti na giaboksi ina nyufa kuzunguka matundu ya bolti. Ziko mbili, mbele na nyuma, zitabadilishwa zote pamoja na beringi ya kati, na shafti itawekewa alama kabla ya kuchomolewa ili irudi ilivyokuwa.

Nyingine inayosubiri ni moshi wa bluu kidogo asubuhi, unapotea baada ya dakika. Ni mipira ya valvu, ile inayozuia oili isishuke kwenye silinda. Hedi haitolewi kwa ajili yake: unaingiza kamba safi ya nailoni kwenye silinda kupitia tundu la plagi, unazungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ibane kamba dhidi ya valvu, ndipo unatoa springi bila valvu kudondoka ndani. Kamba ninayo. Mipira 12 imeagizwa, na gasketi ya kava ya juu pamoja nayo, kwa sababu ile iliyopo inatoa jasho la oili pembe ya nyuma na sitaki kufungua sehemu hiyo mara mbili.